Ambatanisha

Julai, ukungu umekaa Newala hadi saa nne,
mashine ya kunakilia imegoma kwa baridi kama punda,
na mbele ya kaunta yangu amesimama Shadia Nandonde,
daraja la kwanza, pointi saba,
bahasha ya kaki kaibana kwapani
isilowe.

Nauliza kama fomu inavyouliza.
Jina la baba? Anataja.
Yu hai? Anatazama mlango.
"Alivuka Ruvuma kununua ufuta
mwaka nilioingia darasa la pili."
Kwenye kioo kuna visanduku viwili: hai, amefariki.
Aliyekwenda kununua ufuta hakuwekewa kisanduku.

Naruka. Nitarudi hapo.

Ambatanisha cheti cha kuzaliwa.
Ambatanisha barua ya mtendaji, yenye muhuri unaosomeka.
Ambatanisha picha, nyuma iwe bluu.
Mke wangu anasema hata usingizini nalitamka:
ambatanisha.

Kipato cha mlezi kwa mwaka?
Hapo bibi yake, Bi Somoe, anatua kikapu.
Mikorosho arobaini na mitatu,
mitano imezeeka, haizai ila kivuli.
Salfa alikopa. Magunia alikopa.
Bei ilipanda mnada wa Ijumaa,
korosho zake zilipimwa Jumatatu.
"Andika hivyo hivyo, mwanangu."
Nafasi iliyopo ni ya tarakimu nane.

Nyuma yao kwenye foleni yupo Chitanda, fundi redio,
aliyekuja kurudufu kitambulisho tu.
"Na mimi niulize.
Serikali imsomeshe mtu bure akakae kwenye kiyoyozi,
mimi ninayekatwa kodi kwenye kila kibiriti
nilijifunza ufundi kwa kupigwa shoti.
Nani alinilipia zile shoti?"

Hakuna aliyecheka. Ana hoja,
na hoja yake huja dukani kila msimu kwa miguu yake.

Bi Somoe hakugeuka upesi.
"Chitanda, sisi tulishuka bondeni saa tisa za usiku,
tukapanda genge na ndoo kichwani, mimba tumboni.
Siku pampu ilipoletwa,
nani aliuliza atakunywa mtoto wa nani?"

"Lakini bomba sasa lina mita, bibi,
na bili huja hata mwezi ambao maji hayakutoka."

Tukanyamaza wote.
Mashine, kama iliyosubiri zamu yake, ikaanza kunguruma.

Nami sikusema kitu. Nina mita yangu.
Miaka kumi na moja iliyopita nilipewa asilimia arobaini:
arobaini ya ada, arobaini ya kitanda, arobaini ya wali maharage.
Sitini zilizobaki baba aliziuza shamba la Kitangari,
shamba likaisha mwaka wa pili, mwezi wa tatu.
Nikarudi na nusu ya ualimu wa hesabu
na deni zima.

Sidai walipe yote; hesabu najua, japo nusu.
Chitanda naye ni mtoto wa nchi hii.
Nasema tu, humvushi mtu mto hadi katikati
kisha ukamwambia: tumekusaidia.
Na nasema jingine, taratibu, nikiwa nabonyeza herufi:
gesi ilitoka Mtwara ikaenda Dar es Salaam
njia nzima kwa bomba,
wala hakuna aliyeiuliza kipato cha mlezi wake.

Bi Somoe akahesabu sarafu juu ya kaunta.
Nilitaka kuzirudisha.
Nikakumbuka luku inasoma mbili nukta nne,
nikazipokea zote.

Tulibakiwa na mahali pamoja.
Mfumo haukubali kusonga mpaka uchague.
Nikamgeuzia Shadia kioo.
Alikaa nacho kitambo, kidole hewani,
nje ukungu ukianza kuachia mabati ya soko,
kisha akabonyeza mwenyewe.

Hai.

Mfumo ukafikiri kidogo,
ukaomba namba yake ya simu.